Hija ya Kibeho na Deni la Jirani

MAFUNZO YA ROBO MWAKA



Katika toleo hili tumechagua somo la hija na msamaha. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, kamati nyingi huandaa safari za hija kila mwaka, na mara nyingi mazungumzo yote huwa juu ya nauli, basi na hati za kusafiria. Ni mara chache tunajadili namna mhujaji anavyoandaliwa moyoni. Pili, wapo wafadhili wanaouliza kwa uwazi: ofisi ya maendeleo inahusikaje na safari za kusali, wakati wananchi bado wanahitaji maji, mbegu na zahanati? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu.

Jambo moja tungependa kila msomaji abaki nalo. Huruma ya Mungu hutolewa bure, haina nauli. Lakini anayeipokea hurudi nyumbani akiwa na kazi ya kufanya kwa jirani aliyemkosea. Ili tulione jambo hili vizuri tutakwenda Kibeho, kusini mwa Rwanda, mahali ambapo mahujaji kutoka Tanzania, Burundi, Uganda na Kongo hukutana na wenyeji.

1. HIJA NI NINI?

Hija si utalii wa kidini, wala si zawadi kwa wanakwaya waliofanya vizuri. Katika Agano la Kale, wanaume wa Israeli waliagizwa kujitokeza mbele ya Bwana mara tatu kwa mwaka (Kumb 16:16). Zaburi ya 120 hadi ya 134 zinaitwa nyimbo za kupanda, na kwa kawaida huhusishwa na safari hizo za kupanda kwenda Yerusalemu. Katikati yake ipo Zaburi ya 130, sala ya mtu aliyezama, asiye na la kujitetea, anayetegemea msamaha tu. Watu wa kale walijua kwamba anayepanda mlima wa Bwana hupanda na mzigo wa dhambi zake.

Kanisa liliendeleza desturi hii. Mwaka 1300 Baba Mtakatifu Bonifasi VIII alitangaza Mwaka Mtakatifu wa kwanza, na mahujaji wengi wakaenda Roma kutafuta msamaha. Karne saba baadaye, tarehe 29 Novemba 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu la Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, siku chache kabla ya kufungua ule wa Roma. Nchi hiyo wakati huo ilikuwa ikichanwa na mapigano ya makundi yenye silaha. Alionyesha hivyo kwamba Mwaka wa Huruma ulipaswa kuanzia pale ambapo watu walikuwa wanashindwa kusameheana.

Wengi wetu hufanya hija tukitumaini kupata rehema kamili. Tukumbuke masharti yake: kuungama, kupokea Komunyo Takatifu, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuwa na moyo ulioachana kabisa na dhambi. Tena rehema huondoa adhabu za muda za dhambi ambazo zimekwisha kusamehewa. Haichukui nafasi ya toba, wala haifuti deni la mtu mwingine. Sharti la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtu hawezi kusema ameachana na dhambi ya wizi wakati shamba aliloliiba bado analilima.

2. KIBEHO NI WAPI, NA KULITOKEA NINI?

Kibeho iko katika wilaya ya Nyaruguru, Jimbo la Gikongoro. Mhujaji anayetoka Tanzania kwa barabara anaweza kuvuka mpaka wa Rusumo, akapita Kigali na kuelekea kusini hadi Huye, mji uliojulikana kwa jina la Butare, kisha akaingia milimani.

Tarehe 28 Novemba 1981, mwanafunzi wa kike aitwaye Alphonsine Mumureke, aliyekuwa akisoma katika shule ya Kibeho, alisema ametokewa na Mama aliyejitambulisha kama Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Alikuwa katika bwalo la chakula, akiwahudumia wenzake. Wengi hawakumsadiki. Mwaka uliofuata wasichana wengine wawili wa shule hiyo, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, nao walisema wametokewa. Marie Claire mwanzoni alikuwa miongoni mwa waliompinga Alphonsine.

Kanisa halikuwa na haraka. Tume za madaktari na wanateolojia ziliundwa kuchunguza. Mwaka 1988 Askofu wa Butare aliruhusu ibada ya hadhara mahali hapo, na tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kwamba matokeo ya hao wasichana watatu yanastahili kusadikiwa. Kati ya siku ya kwanza na tamko hilo ilipita karibu miaka 20. Hili ni fundisho kwa wale wanaokimbilia kila habari ya muujiza kabla haijapimwa na mchungaji wao.

Ujumbe wa Kibeho ni mfupi: tubuni mapema, salini bila unafiki, msikimbie mateso. Marie Claire alipewa kazi ya kueneza Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria. Rozari hiyo ina mafungu saba, na kila fungu lina Salamu Maria saba. Hutafakari utabiri wa Simeoni, kukimbilia Misri, kupotea kwa Mtoto Yesu, kukutana naye akibeba msalaba, kusimama chini ya msalaba, kuupokea mwili wake na kumzika. Ibada hii ni ya karne nyingi, lakini kwa njia ya Kibeho waamini wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu.

3. MAHALI PA SALA PALIPOTIWA DAMU

Hatuwezi kusimulia habari za Kibeho tukaishia mwaka 1989, matokeo yalipokoma. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia katika kanisa la parokia ya Kibeho wakitumaini kwamba hakuna atakayethubutu kuwagusa mle ndani. Walishambuliwa na kuuawa humo. Marie Claire naye aliuawa mwaka huo. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1995, watu wengine wengi walikufa Kibeho wakati wanajeshi walipokuwa wakiifunga kambi kubwa ya waliohama makwao.

Waliouawa kanisani na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Baadhi walikuwa wakisali pamoja, wakibatiziana watoto, wakiazimana majembe. Kwa hiyo mhujaji anayefika Kibeho leo hafiki tu mahali ambapo Mama wa Neno alitoa wito wa kutubu. Anafika pia mahali panapoonyesha yanayotokea wito huo unapopuuzwa. Palepale kwenye vilima hivyo ipo kumbukumbu ya waliouawa, na yapo makanisa mawili: la parokia lililoumizwa na kutengenezwa tena, na la mahali patakatifu lililotabarukiwa mwaka 2003.

Tunawasihi viongozi wa hija wasiwapitishe watu haraka kwenye kumbukumbu hiyo kwa kuona kwamba ratiba imebana. Mhujaji akisimama pale kimya kwa dakika 15, ataelewa zaidi maana ya kuomba huruma ya Mungu kuliko kwa mahubiri marefu.

4. RWANDA INATUFUNDISHA NINI JUU YA MSAMAHA?

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ni nzuri, lakini hutumiwa vibaya pale mkosaji anapomwambia aliyekosewa aache kukumbusha mambo ya zamani. Kidonda kisichosafishwa huoza ndani kwa ndani. Wanyarwanda walilazimika kutafuta njia nyingine, na tunataja mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa mahakama za Gacaca, zilizokaa vijijini mbele ya wananchi hadi zilipofungwa rasmi mwezi Juni 2012. Zilisikiliza kesi karibu milioni 2, na zaidi ya milioni 1 kati ya hizo zilihusu mali: ng'ombe waliochinjwa, mabati yaliyong'olewa, mazao yaliyoporwa. Hukumu ya kesi za namna hiyo ilikuwa kulipa. Mahakama hizo zilikuwa na kasoro zake, na wapo waliohukumiwa wakashindwa kulipa. Lakini zilionyesha kwamba jirani aliyebomolewa nyumba hahitaji pole peke yake. Anahitaji pia nyumba.

Wa pili ni wa Kanisa lenyewe. Tarehe 20 Novemba 2016, Mwaka wa Huruma ulipofungwa, barua ya maaskofu Wakatoliki wa Rwanda ilisomwa parokiani. Waliomba msamaha kwa makosa ya Wakristo walioshiriki mauaji ya kimbari. Serikali ilisema maneno hayo hayakutosha. Tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko, alipompokea Rais wa Rwanda mjini Vatikano, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na kasoro za Kanisa na watu wake. Tunajifunza kwamba anayeomba msamaha si yeye anayepanga kama ombi lake limetosha. Aliyeumizwa ndiye anayejua.

Wa tatu ni wa Padri Ubald Rugirangoga wa Jimbo la Cyangugu, aliyefariki dunia tarehe 7 Januari 2021. Mama yake na jamaa zake wengi waliuawa mwaka 1994. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, akawasaidia watoto wa mtu huyo kusoma. Katika parokia ya Mushaka alianzisha utaratibu ambao unastahili kusomwa na kila kamati. Waliotoka gerezani kwa makosa ya mauaji hawakurudi mara moja kwenye meza ya Bwana. Walipitia mafundisho ya miezi kadhaa, huku manusura nao wakiandaliwa kwa upande wao. Ilibidi mkosaji aende kwa familia aliyoiumiza, akiri na kuomba msamaha. Baada ya hapo walipokelewa tena mbele ya waamini wote, na aliyekosewa akisimama karibu na aliyemkosea.

Ndugu msomaji, hii nayo ni hija. Umbali wa kutoka nyumba ya mkosaji hadi nyumba ya mjane huenda ni mita 200 tu. Lakini kwa mwenye kuutembea, ni mrefu kuliko barabara ya kwenda Roma.

5. ZAKAYO NA HESABU YAKE

Tukisoma Injili ya Luka 19:1-10, tunamwona Zakayo akipokea huruma kabla hajalipa hata senti moja. Yesu alijialika kwake yeye mwenyewe. Huo ndio utaratibu wa Mungu: huruma hutangulia. Lakini mara tu baada ya kuipokea, Zakayo alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Tupime ukubwa wa hesabu hiyo. Sheria ya Hesabu 5:6-7 ilimtaka mtu anayekiri kosa lake arudishe alichochukua pamoja na nyongeza ya sehemu moja ya tano. Aliyechukua shilingi 100,000 angerudisha 120,000. Zakayo alijihukumu kurudisha 400,000. Hakuna aliyemlazimisha. Alilipa kwa sababu alikuwa amekwisha kusamehewa.

Mafundisho ya Sakramenti ya Kitubio yanafuata njia hiyohiyo: majuto, maungamo na malipizi, na nia ya kutorudia dhambi. Wengi wetu hufika vizuri kwenye maungamo tukaishia hapo. Yesu alikwisha kutuonya katika Mathayo 5:23-24 kwamba anayekumbuka mbele ya altare kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aache sadaka yake hapo, akapatane kwanza. Kwa maneno ya siku hizi, anayekumbuka akiwa kwenye foleni ya basi la hija ni afadhali arudi nyumbani akalipe kwanza. Basi lingine lipo.

6. TUNAWAOMBA KAMATI ZETU

Kabla ya safari:

a) Kila mhujaji ahudhurie angalau vipindi vitatu vya maandalizi katika jumuiya ndogo ndogo. Kipindi kimoja kiwe juu ya Zakayo.

b) Mhujaji ajiulize: nina deni gani ambalo sijalipa? Nimesogeza mpaka wa shamba la nani? Nimeacha kusema na nani? Majibu haya yabaki kati yake, Mungu na muungamishi wake. Kamati isidai kuyajua.

c) Asafiri aliyeweka akiba. Mtu asikope kwenye VICOBA wala kuuza mbegu ili kwenda kutafuta huruma, kisha familia yake ikalala njaa. Fedha ya mradi isitumike kwa safari hata kama italetwa baadaye.

d) Wagonjwa, wazee na wasio na uwezo waandaliwe hija ya miguu kutoka kigangoni hadi parokiani, au wapelekewe Komunyo na sala nyumbani. Huruma ya Mungu haina mpaka wa Rusumo.

Wakati wa safari:

e) Ratiba iwe na muda wa kutosha wa maungamo na ukimya. Mapadri wanaosikiliza Kiswahili watafutwe mapema, wasiulizwe siku ya kufika.

f) Safari isali. Rozari ya Mateso Saba yaweza kusaliwa ndani ya basi, na kila fungu likatolewa kwa ajili ya mtu aliyeumizwa na mmoja wetu.

Baada ya safari:

g) Ndani ya mwezi mmoja wahujaji wakutane tena. Wasisimulie tu waliyoyaona. Kila mmoja ajipime kama deni alilokumbuka amelianza.

h) Anayeogopa kujulikana anaweza kurudisha mali ya watu kupitia padri, bila jina lake kutajwa. Asiyeweza kulipa yote alipe kidogo kidogo. Asiye na kitu kabisa atoe nguvu zake: alime, achote maji, ajenge ukuta ulioanguka.

7. ANGALIZO JUU YA WALIOKOSEWA

Tunasema hili kwa msisitizo. Msamaha ni zawadi, na zawadi hailazimishwi. Kamati isimwite mama aliyepigwa au yatima aliyenyang'anywa shamba na kumtaka aseme "nimesamehe" mbele ya watu ili ripoti ya hija ipendeze. Manusura wa Mushaka walipewa muda na watu wa kuwasindikiza. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Tena msamaha haufuti kazi ya sheria. Aliyemdhuru mtoto, aliyebaka, aliyeua, hapatanishwi kwa mbuzi na soda kisha mambo yakaisha. Anaweza kupokea huruma ya Mungu, na papo hapo akapaswa kujibu mbele ya vyombo vya sheria. Kamati inayoficha kosa la namna hiyo kwa jina la huruma inamwongezea mateso aliyekwisha kuteswa.

8. JIBU LETU KWA WAFADHILI

Sasa turudi kwenye swali la wafadhili wetu. Tunakubaliana kwamba michango mnayoitoa kwa ajili ya visima na mbegu ibaki kwa ajili ya visima na mbegu. Hija igharimiwe na mahujaji wenyewe.

Hata hivyo, mwaangalie sababu zinazoua miradi ya kijiji. Pampu ya maji huharibika, lakini fundi hupatikana. Kinachokosa fundi ni pale mweka hazina anapokula fedha ya kamati na hakuna anayesema naye tena. Kikundi cha kuweka na kukopa huvunjika kwa sababu wawili hawakulipa na wengine wakanuna. Shamba la mafunzo hubaki pori kwa sababu ndugu wawili wanagombea mpaka. Hapo hata fedha mpya haisaidii. Inahitajika toba, ukweli, malipo na msamaha, na watu wetu wengi hujifunza mambo hayo kwa lugha ya imani kuliko kwa lugha ya semina.

Kwa hiyo tunaihesabu hija iliyoandaliwa vizuri kuwa mshirika wa maendeleo, wala si mshindani wake. Matunda yake hatutayapima kwa idadi ya mabasi. Tutayaona pale deni la zamani litakapolipwa, na kikundi kilichovunjika kitakapokaa tena kwenye duara moja.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Kwa nini Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo kabla hajarudisha mali za watu? Ingekuwaje kama angengoja kwanza alipe?

2. Katika kijiji chetu, methali "yaliyopita si ndwele" hutumiwa na nani zaidi: mkosaji au aliyekosewa?

3. Utaratibu wa Mushaka unatufundisha nini kuhusu muda? Je, sisi huwa tunaharakisha upatanisho?

4. Ni mradi gani hapa kwetu umesimama kwa sababu ya watu kutosameheana? Nani anaweza kuchukua hatua ya kwanza?

5. Katika hija ijayo, tutamwandaaje asiye na uwezo wa kusafiri?

SALA YA KUFUNGIA

Ee Mungu mwenye huruma, umetusamehe tukiwa hatuna cha kukulipa. Tupe ujasiri wa kutembea hadi mlangoni kwa jirani tuliyemkosea, na uvumilivu wa kungoja wakati yeye bado analia. Wafariji waliopoteza wapendwa wao Kibeho na mahali pote penye damu isiyosahaulika. Mama wa Neno atuombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia maandalizi mema ya hija zenu. Kamati zitakazojaribu utaratibu huu zituandikie, ili katika toleo lijalo tushirikishane mafanikio na magumu yake. Mungu awabariki.